Serikalini, kampuni binafsi au kujiajiri: uweke wapi nguvu ukiwa unatafuta kazi Tanzania

Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yaliyoingia yalipita 135,000. Piga hesabu: kila kiti kimoja kiligombewa na watu zaidi ya 84. Mwezi Januari mwaka huohuo usaili wa walimu ulianza, nafasi 14,648 kwa waombaji zaidi ya 200,000, yaani kama watu 14 kwa kiti. Na wenye kumbukumbu ya mbali kidogo hawajasahau Juni 2014, Uwanja wa Taifa ulipojaa vijana zaidi ya 10,000 waliokuja kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji.

Nchi ni ileile na shida ni ileile, lakini 14 na 84 si kitu kimoja. Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana kama "ajira zipo" au "ajira hazipo" naona wanapoteza muda. Anayetafuta kazi ana maswali mawili tu ya maana: kwa kada yangu, kiti kimoja tunakigombea wangapi? Na kila mwezi ninaongoja, unanigharimu nini? Ulinganisho huu umejengwa juu ya maswali hayo.

Takwimu ya ukosefu wa ajira isikutishe, isikufariji

Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2020/21 uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ulionyesha ukosefu wa ajira ni asilimia 9.0, umeshuka kutoka zaidi kidogo ya asilimia 10 mwaka 2014. Ukiweka namba hiyo kando ya Afrika Kusini, ambako kiwango kinavuka asilimia 30, utadhani sisi tumefika. Hatujafika. Kinachotutofautisha ni kwamba Mtanzania wa kawaida hana uwezo wa kukaa bila kufanya chochote. Mwenye digrii ya utawala anayeuza maji stendi ya Magufuli pale Mbezi, kitakwimu ana kazi. Anayemsaidia mjomba wake shambani Mbozi naye anayo. Saa chache za kazi kwa wiki zinatosha kumtoa mtu kwenye orodha ya wasio na ajira.

Kwa hiyo asilimia 9 haikwambii kama utapata kazi uliyosomea. Inakwambia watu wanahangaika, na hilo ulilijua. Kinachofaa kukichukua kwenye takwimu hizo ni mgawanyo wake: vijana wana hali mbaya kuliko wastani, wanawake kuliko wanaume, na Dar es Salaam ndiyo inayoongoza kwa ukosefu wa ajira. Hili la Dar wengi hawaliamini. Kazi nyingi ziko Dar, ni kweli, lakini na wanaozitafuta wako Dar. Aliyebaki Mbarali au Geita na cheti chake cha ufundi anaweza kuwa na foleni fupi kuliko aliyepanga chumba Tandale kungoja simu.

Nafasi zinavyotangazwa: upande mmoja uko wazi, mwingine umejificha

Serikalini kuna mlango mmoja mkubwa. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inatangaza kwenye Ajira Portal, unaona idadi ya nafasi, sifa, ngazi ya mshahara na siku ya mwisho. Walioitwa kwenye usaili wanawekwa kwenye PDF, majina yao yakiwa yamepangwa kada kwa kada. Watu wengi hufungua PDF ile, hutafuta jina lao, wakilikosa huifunga kwa hasira. Usiifunge. Ile ndiyo takwimu bora ya soko la ajira unayoweza kuipata bure. Chukua tangazo la mwanzo, angalia kada yako ilikuwa na nafasi ngapi, kisha hesabu majina yaliyoitwa. Fanya hivyo kwa matangazo manne au matano ya mwaka mmoja. Utaanza kuona mambo: kwamba Afisa Rasilimali Watu nafasi mbili wameitwa mamia, halafu fundi sanifu wa fani fulani nafasi kumi orodha haijai ukurasa. Kumbuka tu kwamba hao ni waliopita mchujo wa karatasi. Walioomba ni wengi zaidi.

Sekta binafsi haina mlango mmoja. Benki na kampuni za simu hutangaza kwenye tovuti zao, mashirika yasiyo ya kiserikali yana mitandao yao, viwanda vya Ubungo na Mkuranga vinabandika karatasi getini au vinamwambia msimamizi alete watu. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, unaunganisha watafuta kazi na waajiri, na kujisajili kwake ni jambo la kufanya leo hii, lakini hauwezi kukuonyesha soko zima. Sehemu kubwa ya nafasi za binafsi hujazwa kabla hazijatangazwa. Mtu anaacha kazi Ijumaa, meneja anauliza wafanyakazi "mnamjua mtu?", Jumatatu kiti kina mtu. Wengine huita hiyo koneksheni kwa maana ya rushwa. Mara nyingine ni rushwa kweli, lakini mara nyingi ni mwajiri mvivu wa kusoma CV mia tatu.

Hapo ndipo tofauti ya mbinu inapoanza. Serikalini unashindana kwa karatasi na mtihani. Binafsi unashindana kwa kujulikana kwamba upo na unaweza. Anayetumia mbinu ya portal kuombea kazi binafsi, akituma CV ileile kwa barua pepe hamsini na kukaa kungoja, ataona ukimya.

Kuingia: nani anakwama wapi

Maombi ya serikali hayana ada. Mtu akikuomba hela ya fomu au "ya kusukuma jina", huyo ni tapeli, hata awe na kitambulisho shingoni. Gharama halisi ni za pembeni: kuthibitisha vyeti kwa mwanasheria, bando, nauli ya usaili. Nauli imepungua tangu usaili mwingi wa mchujo uanze kufanyika mikoani badala ya kila mtu kupanda basi la Dodoma, na hilo ni badiliko kubwa kwa mtoto wa Kigoma.

Wengi huanguka kabla hata ya mtihani. Barua ya maombi haijasainiwa. Imeandikwa kwa mtu mwingine badala ya Katibu wa Sekretarieti. Umepakia matokeo ya muda badala ya cheti. Jina la cheti cha kidato cha nne ni Asha Juma Salum, la chuo ni Asha J. Salumu, na hakuna hati ya kiapo inayosema ni mtu mmoja. Ukisoma nje hujapeleka vyeti Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) au Baraza la Mitihani (NECTA) vikatambuliwe. Haya yote yanamalizwa ndani ya wiki mbili ukiwa mtulivu, na yakishakamilika unaomba kila tangazo kwa nusu saa. Ukomo wa umri kwa matangazo mengi ni miaka 45. Majeshi wana masharti yao na umri wa chini zaidi.

Ukifika usaili kuna mchujo wa kuandika, pengine wa vitendo, kisha mahojiano. Aliyefaulu na nafasi zikawa zimejaa hubaki kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa kituo baadaye, nafasi ya kada yake ikitokea. Nimeona watu wamekata tamaa kabisa halafu simu ikaingia miezi minane baadaye.

Sasa onyo ambalo halisemwi vya kutosha. Matangazo ya serikali husema wazi kwamba aliyeko tayari kwenye utumishi wa umma asiombe nafasi za kuingilia. Maana yake, mwenye digrii akiomba kwa cheti cha kidato cha nne nafasi ya chini "ili niingie kwanza, mengine nitayajua ndani", akishaingia mlango wa portal unakuwa umefungwa nyuma yake. Atategemea kubadilishiwa kada na mwajiri wake, ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, ikiruhusu, na ikama hairuhusu kwa kupendwa. Kuna watu wamekaa na shahada kabatini miaka kwa sababu ya kuharakia kiti kilichokuwa wazi.

Kampuni binafsi haikuulizi barua imesainiwa au la. Inauliza uzoefu. "Miaka mitatu" kwa kazi ya mtu aliyetoka chuo jana ni kichekesho ambacho sote tumekizoea. Njia ya kukizunguka ni intanshipu, kazi za msimu, kujitolea, au kuanzia kwenye kampuni ndogo isiyo na jina ambako mhasibu mmoja ndiye anayefanya kila kitu. Mwaka mmoja wa kampuni ya namna hiyo, ukiwa umefunga hesabu na kupeleka ritani za TRA mwenyewe, una uzito kuliko miaka miwili ya kusubiri.

Mshahara mkononi

Tuchukue watu wawili, mmoja halmashauri, mwingine kampuni ya binafsi Dar. Kila mmoja ana mshahara wa 800,000 na kila mmoja alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo.

Wa serikalini: PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, ni 40,000. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3, ni 24,000. Kodi ya mapato inakatwa kwenye 760,000 iliyobaki baada ya mchango wa pensheni, inakuwa 68,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, ni 120,000. Mkononi zinabaki 548,000.

Wa binafsi: NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, asilimia 10, ni 80,000 (waajiri wengi huchangia kiasi hichohicho upande wao). Kodi kwenye 720,000 ni 60,000. Bodi 120,000. Mkononi 540,000.

Tofauti ni 8,000. Ukiona mtu anagombana na mwenzake kuhusu nani "analipwa", mwambie wanagombania nauli ya siku chache. Tofauti halisi imejificha kwingine. Yule wa halmashauri katika ile 24,000 amepata bima yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Wa binafsi bima inategemea ukarimu wa kampuni. Akilazimika kumlipia mtoto malaria kali hospitali ya binafsi mara moja, hesabu ya mwezi imevurugika. Upande wa pili, wa halmashauri anaishi kwa ngazi zilizopangwa: anajua mwaka kesho ataongezewa kiasi gani, na ni kidogo. Wa binafsi akiwa mzuri na akihama kampuni mara mbili, baada ya miaka mitano anaweza kuwa mbali sana. Au akawa palepale. Au mtaani.

Chini kabisa ya ngazi, serikali imeenda mbele. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa sekta binafsi, wastani wa kima cha chini ulitangazwa kupanda kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026, na kila sekta ina kiwango chake. Mhudumu wa hoteli na mlinzi hawapo pamoja na mfanyakazi wa mgodini. Kwa hiyo kama sifa zako ni za kidato cha nne au cheti kifupi, serikalini ni bora waziwazi. Kadiri elimu na ujuzi adimu vinavyopanda, ndivyo binafsi inavyoanza kushinda.

Kuna jambo jingine la mwenye mshahara wa serikali: benki zinampenda mno. Hajamaliza hata miezi sita kazini ameshapigiwa simu ya mkopo. Sheria inataka abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, na wapo wanaoishi kwenye theluthi hiyo miaka, wakiongezea na mikopo ya riba kubwa ya mtaani, kausha damu. Usalama wa ajira unaweza kumfunga mtu vilevile.

Usalama, na siku kazi inapokwisha

Masharti ya kudumu na pensheni ni maneno matamu, na yana haki ya kuwa matamu. Ukishathibitishwa kazini, kukuondoa kunahitaji mchakato. Hata hivyo si ukuta usiobomoka: uhakiki wa vyeti wa 2017 uliwaondoa watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi, na kipindi hichohicho kupanda madaraja kulisimama kwa muda mrefu kwa wasio na kosa lolote.

Binafsi, soma mkataba kabla ya kushika kalamu. Je, ni wa muda maalumu? Mwaka mmoja unaohuishwa? Mwajiri ni kampuni unayokwenda kukaa, au ni kampuni ya kati inayokukodisha kwake? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa kikomo cha saa 45 kwa wiki bila ya ziada, siku 28 za likizo ya mwaka, siku 84 za uzazi. Ukiachishwa isivyo halali una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Wengi hufika siku ya arobaini wakiwa na hasira nzuri na haki iliyokwisha muda.

Na kuna fao ambalo wengi hawalijui: fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na akaachishwa, si aliyeacha mwenyewe, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa hadi miezi sita. Lakini hiyo inategemea mwajiri wako alikuwa anapeleka michango. Angalia taarifa yako ya NSSF kila baada ya miezi michache. Kukatwa kwenye hati ya mshahara ni jambo moja, hela kufika mfuko ni jambo jingine.

Kuhusu mahali: serikalini unapangiwa. Inaweza kuwa Kakonko, Liwale au Nkasi. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa hadi jina liingie kwenye mfumo, kwa hiyo fika na akiba ya godoro, jiko na kodi ya chumba. Uhamisho upo, ila haraka yake hutegemea kupata mtu wa kubadilishana naye, na hakuna anayetaka kubadilishana kutoka Kinondoni kwenda Kakonko. Kwa kijana asiye na familia huko ndiko kwenye kuweka akiba. Maisha ni rahisi na viwanja ni vya bei nafuu. Kwa mwenye mke anayefanya kazi Mwanza, ni kupanga nyumba mbili kwa mshahara mmoja na nusu.

Kujiajiri

Nitakuwa mfupi hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa kujiajiri ni kungoja ajira ukiwa unafanya kitu. Si vibaya, ila tukiite kwa jina lake: kujishikiza. Bodaboda ya mkataba, uwakala wa pesa, kuuza mitumba ya kuchagua Karume. Faida yake ni fedha ya leo. Hasara yake ni kwamba hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye bodaboda haijui mvua, na siku ya kuumia hakuna bima wala NSSF isipokuwa umejiandikisha mwenyewe. Bodi ya Mikopo nayo haikusahau: aliyejiajiri anatakiwa kulipa angalau 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake.

Kujiajiri kwa kweli ni pale unapouza ujuzi ambao mteja hawezi kuupata kwa jirani: fundi umeme wa magari, mshonaji mwenye mashine tatu, mtaalamu wa mifugo anayezunguka na chanjo. Mtaji wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), ulisimamishwa 2023 ukarejeshwa 2024. Hauna riba. Tatizo ni kikundi. Mkiwa watano na mmoja akakimbia na sehemu yake, wanne mnalipa. Kama hamkuwa mnafanya biashara pamoja kabla ya mkopo, msiungane kwa ajili ya mkopo.

Ningekuwa wewe

Mwalimu wa fizikia au hisabati, muuguzi, mtaalamu wa maabara: weka nguvu serikalini. Foleni yako ni fupi kuliko unavyodhani na uhitaji unarudi kila mwaka wa fedha kibali kinapotoka. Wakati unangoja, fundisha au hudumia kituo cha binafsi hata kwa mshahara mdogo, maana usaili wa vitendo humkamata mtu ambaye mikono yake imesahau kazi.

Mwenye shahada ya biashara, utawala, sosholojia, maendeleo ya jamii: omba serikalini kila tangazo linalokuhusu, kisha lisahau. Usipange maisha kwa foleni ya watu 84. Saa zako za mchana zote zipeleke binafsi, tena kwenye kampuni ndogo, na ongeza kitu kimoja kinachopimika: mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, kwa mhasibu, leseni ya udereva kwa afisa miradi, uchambuzi wa data kwa aliyesoma sosholojia.

Fundi wa VETA: ukiwa na umri chini ya miaka 30 anza kwa mkandarasi au karakana, jifunze bei na wateja, kisha jitegemee. Portal iombe pia, nafasi za mafundi sanifu na madereva hujitokeza.

Umefika miaka 42 na bado unaomba: una matangazo ya miaka mitatu mbele yako. Kamilisha karatasi zote wiki hii, omba kada moja tu unayoimudu, na anza leo kuchangia NSSF kama mwanachama aliyejiajiri, kwa sababu ukiajiriwa ukiwa na miaka 45 utakuwa umebakiwa na miaka 15 tu ya kuchangia kabla ya kustaafu kwa lazima ukiwa na 60.

Na kama una ofa mbili mezani kwa wakati mmoja, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyokiri, usilinganishe mishahara. Andika kodi ya nyumba ya kila mahali, bima inagharamia watu wangapi, mkataba unaisha lini, na ni watu wangapi wanaokutegemea. Kisha uliza kampuni ile ya binafsi swali moja kabla hujajibu: aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alikaa muda gani, na aliondoka kwenda wapi?